Maji Yaliyochemshwa

Msemaji wa ukoo aliposimama kando ya jeneza na kuuliza lile swali linaloulizwa katika mazishi mengi ya kwetu, kwamba kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze kabla udongo haujamfunika, sikutegemea mtu anyanyuke. Daktari Mugeta hakuwa mtu wa kukopa. Miaka yote niliyomjua alivaa viatu vya aina moja, akila chakula cha aina moja, na kama ulimwazima kalamu alikuwa akiirudisha kabla hujakumbuka kwamba ni yako. Kumbe nyuma kabisa, kwenye mikeka ya akina mama, alinyanyuka bibi mmoja mwembamba aliyejifunga kitenge cheusi, akashika bega la aliyekaa mbele yake ili asianguke. Akasema, "Mimi namdai." Uwanja mzima ukageuza shingo. "Namdai mtoto." Nilimtambua kwa sauti kabla ya sura, maana sura ilikuwa imekwisha kuliwa na miaka. Alikuwa Mama Editha, na alikuwa ametoka Nansio, akavuka maji na kuja mpaka Majita kwenye mazishi ya mtu ambaye hakuonana naye tangu sote tulipokuwa na meno kamili. Aliyoyasema baada ya hapo nitayaeleza, lakini hayaeleweki bila ule mwaka mmoja niliofanya kazi na daktari. Mama Editha naye ameshafariki; nilipigiwa simu juzijuzi. Angekuwa hai nisingeandika hata neno moja. Sasa aliyebaki ni Joyce, binti wa daktari, na kwa kweli namwandikia yeye.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha maabara, msichana wa mjini Mwanza mwenye maneno mengi na kazi hana. Daktari Mugeta alikuwa amerudi kutoka masomoni nje, akapewa chumba katika hospitali ndogo upande wa Ilemela ambayo sitaitaja, na ambayo hata hivyo imekwisha kufungwa. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama mawe makubwa na, nyuma ya mawe, ziwa. Ndani kulikuwa na meza mbili, hadubini, jokofu, na kabati la joto ambamo tuliotesha seli za saratani katika chupa ndogo, joto lake likiwa sawasawa na la mwili wa mtu. Umeme ukikatika tulikuwa tunakimbia kuwasha jenereta kama watu waliosahau maharage jikoni. Harufu ya sabuni ya mashuka haikutoka ukutani hata siku moja, na mpaka leo nikipita mahali wanapofua nguo nyingi nasikia kwanza furaha kidogo, halafu moyo unashuka.

Alikuwa akitafuta jinsi seli zinavyokufa. Nilipoanza niliona ni kazi ya ajabu, maana nilidhani daktari anatafuta jinsi ya kuishi. Alinieleza siku moja tukila ugali wa muhogo na sato kwa mama ntilie aliyekuwa chini ya mlima, huku akichambua mifupa kwa utaratibu na kuipanga ukingoni mwa sahani. Alikuwa Mjita, na "l" na "r" zilikuwa zikimpotea akinogewa. "Rukia, unajua seri inavyokufa? Ikizeeka au ikiharibika inajua yenyewe. Inajikunja, inajifunga mafungu madogo madogo, majirani wanakuja kuyabeba. Hakuna kelele, hakuna harufu. Kesho hujui kama pale palikuwa na mtu." Nikamwambia hayo ni mazishi ya watu wastaarabu. Akacheka. "Ndiyo. Sasa saratani ni ile inayokataa. Inaambiwa zamu yako imekwisha, yenyewe inasema sitoki. Watu wanafikiri ni ugonjwa wa kukua. Mimi nasema ni ugonjwa wa kukataa kufa. Ndani yake uko mlango, umefungwa. Nataka kujua unafungukaje." Mama ntilie, aliyekuwa anatusikiliza, akasema anamjua mzee mmoja wa namna hiyo pale Kirumba, na wajukuu wamechoka.

Saratani aliyoishughulikia ni ile ya taya, inayowashika watoto wa kandokando ya ziwa. Huanza kama jino linalosumbua. Baadaye shavu linavimba na meno yanalegea, mwisho jicho linasukumwa juu. Ni ugonjwa mkali, lakini una udhaifu mmoja: mlango wake wa kifo haukufungwa barabara. Ukiugusa kwa dawa inayofaa, seli zinakufa kwa wingi na kwa haraka kuliko saratani nyingine yoyote niliyopata kuitazama. Chini ya hadubini kipande chake kina rangi ya bluu nzito, seli zimebanana, na hapa na pale kuna nafasi nyeupe ambamo seli kubwa zinazosafisha mwili zimekaa zikila zilizokufa. Wataalamu wanauita mwonekano huo anga la nyota. Daktari aliponionyesha mara ya kwanza nilisema ni zuri. Akanijibu kwamba ndiyo, ni zuri, ila kila nyota ni kaburi. Tangu siku ile nimetazama vipande visivyo na idadi na sijawahi kusema tena kwamba ni zuri.

Editha aliletwa kipupwe kilipoanza. Alikuwa wa umri wa kuanza shule, amebebwa mgongoni na mama yake, upande mmoja wa uso ukiwa mkubwa kuliko mwingine, na jicho moja likitutazama kwa makini sana kana kwamba linafanya kazi ya mawili. Walikuwa wametoka Nansio kwa meli. Baba alikuwa mvuvi na hakuja. Mtu wa dagaa hawezi kuacha giza la mwezi lipite hivihivi. Mama Editha aliamkia kila mtu, hata mimi niliyekuwa sawa naye kwa umri. "Shikamoo daktari." Nikamwambia mimi si daktari, na shikamoo anaipeleka pasipostahili. Akasema, "Umevaa nguo nyeupe," kana kwamba hilo limemaliza mjadala. Tulichukua kipande kidogo cha uvimbe, nikakipeleka stoo, na seli za Editha zikaota ndani ya kabati la joto vizuri kuliko zote tulizowahi kujaribu. Daktari alikuwa anazitazama asubuhi kabla hata ya kuvua koti.

Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la kupikia. Ndugu wa wagonjwa walilala huko, wakapika huko, wakagombana na kupatana huko. Nilipenda kupita pale kwa sababu ya mazungumzo, nami nina sikio lefu. Wanawake wa Sengerema walikuwa wanaonja michembe ya wenzao, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kukosoa. Mmoja wa Magu alikuwa hodari wa kuwaiga manesi. Mama Editha alikaa pembeni na jiko lake la mkaa, sufuria moja, kikombe kimoja cha bati, akiwasha moto mdogo kuliko wote. Akikaribishwa kula alisema ameshiba. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyembishia, kwa kuwa kumbishia mtu anayesema ameshiba ni kumwaibisha.

Ndipo kipindupindu kikaingia. Kilianzia kwenye kambi za wavuvi, kikapanda mjini. Mahema yalisimamishwa uwanjani, manesi wakahamishiwa huko, chupa za dripu zikaenda huko zote. Gari la matangazo lilikuwa likizunguka toka asubuhi: usinywe maji yasiyochemshwa. Bwana afya aliingia bandani na kuwasimamisha akina mama mmoja mmoja. "Wewe, unachemsha?" "Nachemsha." "Mpaka yatokote?" "Mpaka yatokote." "Nikikukuta unampa mgonjwa maji mabichi ya ziwa, utaondoka hapa na mgonjwa wako." Mabomba ya mji yalikuwa yanakohoa hewa. Maji yalikuwepo, tena mengi mno, mbele ya macho yetu mpaka upeo, na kila mtu alikuwa na hofu nayo. Mkaa ukapanda bei kwa kuwa mji mzima ulikuwa unachemsha.

Katikati ya hayo Editha akaanza dawa. Daktari asingeweza kungoja. Uvimbe ule ulikuwa unaongezeka ukiutazama. Nakumbuka asubuhi tulipoingia wodini baada ya dozi ya kwanza tukakuta shavu limelegea. Kesho yake jicho limerudi chini. Mtoto alitutazama kwa macho mawili, akamwuliza daktari kama ana pipi. Wodi nzima ilikuja kushuhudia, hata mfagiaji aliacha fagio. Mama Editha alikuwa analia na kucheka pamoja, anamshika mwanawe shavu kama anayepima unga. Daktari hakucheka sana. Aliniambia tukiwa koridoni, "Zinakufa nyingi mno kwa mara moja. Majirani hawawezi kubeba maiti zote hizo. Uchafu wake unaingia kwenye damu, na njia pekee ya kutoka ni figo. Dripu hakuna. Basi lazima anywe maji, Rukia, anywe mpaka achoke." Akarudi kumwambia mama: anywe maji mengi, mengi sana, kila wakati. Mama akaitika kwa kichwa mara kadhaa.

Tuliuliza. Hilo nataka Joyce alijue, kwamba baba yake aliuliza, asubuhi na jioni, na mimi nilikuwepo. "Mama, anakunywa?" "Anakunywa, daktari." "Vizuri?" "Vizuri, nashukuru." Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, lakini kwetu kujibu nako kuna adabu zake. Mkubwa akikuuliza habari unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua. Habari yenyewe inakuja baadaye, mkishakaa. Mama Editha hakusema uongo. Mtoto alikuwa anakunywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mkaa ulikuwa umemwishia, kwamba alikuwa anaokota vipande vilivyozimika kwenye majiko ya wenzake wakishaondoka, anachemsha kisufuria kimoja asubuhi, anakifunika kwa kitambaa, na kukigawa kwa kikombe mpaka jioni. Kuomba aliona haya. Maji mabichi alikuwa amekatazwa. Basi alitii amri zote mbili kadiri ya mkaa wake.

Editha alianza kuvimba miguu, akawa mzito wa usingizi. Mkojo ukakatika. Kwa wakati ule mashine ya kusafisha damu tulikuwa tunaisikia tu. Daktari alimwomba kila mtu chupa ya dripu, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mahema, akarudi na moja, na ilikuwa imechelewa. Mtoto alikata roho asubuhi, jua likiwa limeshatoka, ndege ya abiria ikipita chini chini kuelekea uwanjani mpaka vioo vikatetemeka. Shavu lake lilikuwa limepona kabisa. Alikuwa na uso wa mtoto asiye na ugonjwa wowote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

Tulimfuata mama bandani kumpa pole. Wenzake walikuwa wameshamzunguka. Jiko lake lilikuwa baridi, na juu yake kile kisufuria, kitambaa juu, maji kidogo chini. Alipomwona daktari alifuta uso kwa kiganja, akasema, "l" zikimpotea kama daktari mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu ya kazi aliyopewa: "Daktari, nilichemsha yote. Sikumpa hata tone bichi. Mkaa uriponiishia nikawa nampa kidogo kidogo, kikombe asubuhi, kikombe jioni, lakini mabichi sikumpa." Alitaka tujue kwamba hakukosea. Niliona uso wa daktari ukielewa. Mimi pia nilielewa, na mdomo wangu, ambao haujawahi kunisubiri, ulikuwa umeshafunguka. Alinishika mkono juu ya kiwiko na kuubana hata ukaniuma. Halafu akachuchumaa mbele ya yule mama, mtu mzima na koti lake jeupe kwenye majivu, akasema: "Mama, wewe umefanya yote. Dawa niliyompa ilikuwa kali. Iliua ugonjwa haraka kuliko mwili ulivyoweza kustahimili. Kosa ni langu." Alisema mbele ya banda zima. Yule wa Magu aliyekuwa anaiga manesi akaguna, na mguno ule nikajua utafika mbali.

Ulifika. Kabla maiti haijavushwa kwenda Nansio habari ilikuwa imetangulia: yuko daktari Mwanza anajaribu dawa kwa watoto, na mwenyewe amekiri. Watu wakasema aliye juu mngoje chini. Watoto wenye taya zilizovimba wakaacha kuletwa. Wengine walipelekwa kwa waganga, wengine walivushwa kwa kivuko cha Kigongo kwenda kwingine, wengine tulisikia wamezikwa. Wakubwa wa hospitali wakakaa kikao. Wafadhili wakaandika kwamba wamesikitika. Nilimwambia tukila, ingawa yeye alikuwa anachezea chakula tu, kwamba neno moja lingetosha kumwokoa: aseme maji. Si lazima amlaumu mama. Alaumu mabomba, alaumu mkaa, amlaumu bwana afya. Aliuweka mfupa wa samaki ukingoni mwa sahani. "Ukisema maji, mama ataelewa. Si mjinga," akasema. "Halafu? Yule mama atakunywa maji kila siku mpaka siku ya kufa kwake, Rukia. Atashikaje kikombe? Dawa yangu mimi siinywi. Acha ibaki kwangu." Nikamwambia na hao watoto wasioletwa je? Hapo alinyanyuka, akaenda kunawa mikono. Nimemheshimu maisha yangu yote na bado sijui kama alikuwa na haki, maana huruma aliyomfanyia mama mmoja ililipwa na akina mama wengine ambao hakuwaona. Nadhani naye hakujua. Alizeeka haraka mwaka ule.

Kazi yetu ya mwisho pale stoo ilikuwa kuzima kabati la joto. Seli za Editha zilikuwa bado ziko hai, zinagawanyika kwa juhudi zilezile, hazina habari. Alinipa dawa ya kuua vijidudu nimimine kwenye chupa. Nikamwuliza kama hataki kuzitazama mara ya mwisho, labda kuna la kujifunza. Akasema, "Mimina tu." Nilimimina. Maji yenye rangi ya waridi yakageuka meupe, chupa baada ya chupa, na yeye akasimama dirishani akitazama ziwa mpaka nilipomaliza. Baadaye alihamia zahanati moja huko Majita, akatibu malaria na majeraha ya ndoano mpaka alipostaafu, na mlango aliokuwa anautafuta walikuja kuuandika watu wengine wa nchi nyingine. Makala zao nazisoma na kuwafundisha wanafunzi wangu. Nikifika kwenye anga la nyota huwa nawapa kazi ya kuchora, nikae kidogo.

Basi pale uwanjani, msemaji wa ukoo akiwa hajui pa kuweka mikono yake, Mama Editha aliendelea. "Namdai mtoto wangu wa kwanza, Editha. Dawa yake ndiyo iriyomuua. Sisemi kwa kusikia, ariniambia mwenyewe, amechuchumaa kwenye majivu. Daktari wengine wanaficha. Huyu hakuficha." Akavuta pumzi. "Nirikaa naye moyoni kwa ubaya miaka mingi. Leo nimekuja kumwachiria. Simdai tena. Aende." Watu wakasema amina, wengine kwa sauti, wengine kwa kunung'unika, na watoto wa marehemu wakainamisha vichwa. Nilimwona Joyce akinitazama mimi. Alikuwa mchanga wa kunyonya mwaka ule. Hajawahi kuambiwa kitu.

Tulipokwisha kuzika, akina mama walimkalisha Mama Editha kwenye kiti kivulini mwa nyumba. Jua lilikuwa limempiga, midomo imekauka. Nikamsogelea. "Shikamoo mama," nikasema, safari hii mimi wa kwanza. Akacheka kidogo, akanitambua: "Marahaba. Na nguo nyeupe iko wapi?" Nilichota maji kwenye ndoo yenye koki, nikampa kwa mikono miwili. Alikipokea kikombe, akakishika karibu na kifua, akachungulia ndani. "Yamechemshwa?" Nikasema yamechemshwa, mama. Hapohapo Joyce akafika nyuma yangu, macho mekundu, hakuona aliyekaa ni nani au hakujali. "Shangazi Rukia, wewe ulikuwepo. Ni kweli? Baba alimuua mtoto?" Mama Editha alikuwa amefikisha kikombe mdomoni. Akakisimamisha, akanitazama juu ya ukingo wake, anasubiri kusikia kama wengine.

"Ni kweli," nikasema.

Joyce akafunika uso. Mama Editha akanywa maji yote, taratibu, mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge, kisha akaninyooshea kikombe nimwongeze.